Taa za LED za bei nafuu zinazopata moto kupita kiasi: je, ni salama katika nyumba ya mbao?

Mshonaji wa Kadutu, Bukavu

Ndugu zangu, ninaomba ushauri wa wanaofahamu mambo ya umeme. Nina karakana ya kushona katika nyumba ya mbao huku Kadutu, ambako nyumba zimebanana kiasi kwamba moto ukizuka kwa mmoja, jirani hana pa kukimbilia. Kwa kuwa kazi nyingi tunazimaliza jioni, hasa majira ya sare za shule, nilinunua sokoni projekta tatu za LED, zile bapa zenye kioo mbele na mgongo wa chuma. Kila moja imeandikwa wati 200 na maisha ya saa 50,000.

Muuzaji alinihakikishia kwamba LED haipati moto. Hata hivyo, taa ikishawaka kwa muda siwezi kuuwekea mgongo wake kiganja, na ile iliyofungwa karibu na plafon (dari) ya triplai inatoa harufu ya plastiki iliyochomwa na jua. Moja imekwisha kufifia, na nikiitazama ikiwa imezimwa ninaona vitone vyeusi katikati ya zile chembe za njano. Tena kijana wangu wa kazi, aliyekuwa pekupeku, aliigusa moja ili aigeuze, akahisi umeme ukimtekenya vidoleni. Umeme wetu nao, kama wenyeji wajuavyo, jioni hushuka hadi taa zikapepesa, kisha usiku wa manane hupanda ghafla.

Ninataka kujua kama joto hilo linaweza kuwasha mbao, kama kweli hizo ni wati 200, na kama kuna njia ya kuzifanya zidumu. Vitambaa vya wateja vilivyomo humo si mali yangu.

Fundi wa Ndosho, Goma

Mama, nitaanza na ule mtekenyo, kwa sababu hilo haliwezi kusubiri. Tafadhali zima taa hiyo kwenye swichi kuu na usiruhusu mtu aiguse hadi fundi aifungue. Projekta nyingi za bei ya chini hazina transfoma ndani yake. Umeme wa volti 220 unapita moja kwa moja juu ya sahani ya alumini iliyobeba chembe za mwanga, na kinachoutenga umeme huo na chuma unachokigusa ni utando mwembamba sana wa kuzuia umeme. Utando huo ukichubuliwa na skrubu, au ukichoshwa na joto, mwili wote wa taa huwa na umeme. Ndiyo maana taa hizo hutoka kiwandani na waya wa tatu, wa kijani na njano, ambao mafundi wetu wengi huukata kwa kuwa nyumba haina pa kuufunga.

Waya huo uunganishwe na nondo ya shaba iliyopigwa ardhini, kisha kwenye kisanduku cha umeme iwekwe disjonteri inayokata umeme unapovuja, ya miliampia 30. Nondo peke yake haitoshi, kwa sababu ardhi yetu ya mawe ya volkano huku Goma, na hata udongo wenu wakati wa kiangazi, hupitisha umeme kwa shida.

Kuhusu moto, ni vema tuelewe unakotoka. Mbao huwaka zenyewe zikifikia nyuzijoto 250 hivi na kuendelea, na mgongo wa taa yako, hata kama unauma mkono, uko mbali na hapo. Chuma cha nyuzi 60 tu hakishikiki kwa zaidi ya sekunde chache. Hatari iko kwenye viungio. Waya uliosokotwa kwa vidole na kufungwa utepe hulegea kidogo kidogo, mahali hapo huanza kupata moto na kutoa cheche, na ganda la plastiki la waya wa kawaida limetengenezwa kuvumilia nyuzi 70 tu. Likilazwa juu ya mgongo wa taa yenye nyuzi 90, hukauka, hupasuka, na shaba hubaki uchi kando ya triplai. Harufu unayoisikia huenda ni ya ganda hilo, na mimi nisingelala nyumba moja nayo. Taa ishushwe kutoka kwenye plafon, hewa ipite nyuma yake, na viungio viwekwe ndani ya kisanduku vikiwa vimekazwa kwa skrubu, mbali na joto.

Neno moja kuhusu ile iliyofifia. Utakutana na fundi atakayekuambia kwamba ataziruka chembe zilizokufa kwa tone la risasi ya kulehemu, na taa itawaka tena. Itawaka kweli. Lakini katika taa hizi zisizo na transfoma, volti zilizokuwa zinabebwa na chembe zilizokufa huhamia kwenye kijisaketi kinachodhibiti mkondo, ambacho huzigeuza zote kuwa joto. Katika nyumba ya mbao, kataa.

Mwalimu wa fizikia, Bagira

Ninakubaliana na Fundi kuhusu utaratibu wa usalama, nami nitajibu habari ya wati na umri.

Aliyesema LED haipati moto amechanganya mambo mawili. Ampuli (balbu) ya zamani ya waya ilitupa joto lake mbele pamoja na mwanga, kwa hiyo mkono ulilihisi kwa mbali. LED haitupi joto mbele, lakini kiasi kinachozidi nusu ya umeme inaoutumia, na katika taa duni karibu theluthi mbili, hubaki kuwa joto ndani ya chembe yenyewe, na njia pekee ya kutoka ni kupitia mgongo: kutoka kwenye chembe kwenda kwenye sahani ya alumini, kutoka sahani kwenda kwenye mwili wa taa, kisha hewani. Ukifungua taa duni utakuta sahani imeshikwa na skrubu mbili tu, bila pasta nyeupe ya kupitishia joto, huku nafasi ya hewa ikiwa katikati. Kwa hiyo mgongo unaounguza mkono si ishara mbaya peke yake. Taa yenye nguvu nyingi lakini mgongo wa vuguvugu inaweza kuwa mbaya zaidi, kwa maana joto limefungiwa ndani.

Saa 50,000 nazo zinahitaji kusomwa kwa makini. Kwa saa 5 kila jioni ni zaidi ya miaka 27. Wahandisi huhesabu umri wa LED hadi mwanga unapobaki asilimia 70 ya ule wa mwanzo. Katika utaratibu unaofuatwa Marekani, chembe hupimwa kwa angalau saa 6,000, na hairuhusiwi kukadiria zaidi ya mara 6 ya muda uliopimwa. Anayetaka kuandika 50,000 kwa haki lazima aiwashe kwa zaidi ya saa 8,300, yaani karibu mwaka mzima mfululizo, tena anakuwa amepima chembe, wala si taa nzima. Katika taa zenye kapasita ya elektroliti, yaani kile kikopo kidogo chenye kimiminika kinachotunza chaji ya umeme, hiyo ndiyo hufa mapema. Ile iliyoandikwa saa 2,000 kwa nyuzi 105 huongezewa umri maradufu kila joto linaposhuka kwa nyuzi 10, kwa hiyo kwa nyuzi 65 inakaribia saa 32,000. Mama, hizo nyuzi chache ndizo umri wenyewe wa taa.

Wati unaweza kuzipima mwenyewe bila kumlipa mtu. Zima kila kitu isipokuwa taa moja, tazama mita yako, na usome idadi ya mimweko kwa kilowati-saa moja iliyoandikwa usoni pake. Kama ni 1,000, taa ya wati 200 itafanya kijitaa chekundu kimweke kila baada ya sekunde 18. Gawanya 3,600 kwa sekunde ulizohesabu, utapata wati.

Muuza vifaa vya umeme, Nyawera

Ninauza taa hizi, na ninaona ni haki niseme upande wetu. Mteja akikuta mbili za bei sawa, moja imeandikwa 50 na nyingine 200, huchukua ya 200, na viwanda vinalijua hilo. Sisi wauzaji tunajua uzito. Projekta ya wati 50 za kweli inalemea mkono, ina mbavu nene za alumini mgongoni, na kwenye boksi pameandikwa lumeni (kipimo cha mwanga unaotoka), si wati peke yake. Lumeni 80 hadi 100 kwa kila wati ni kiwango cha kuaminika. Ukikuta taa nyepesi kama sahani ya plastiki, hiyo haina pa kupeleka joto.

Mama, kwa kazi ya kushona mimi nisingekuuzia projekta. Mwanga ukisogezwa nusu ya umbali, huongezeka mara nne. Ampuli ya wati 9 yenye kofia, ikining'inizwa nusu mita juu ya sindano, itakusaidia kuliko jua dogo lililobandikwa kwenye plafon, na haipati moto wa kutisha. Usiifunge tu ndani ya globu iliyozibwa. Pia tafuta zile zilizoandikwa volti 85 hadi 265, kwa kuwa huvumilia kushuka na kupanda kwa umeme wetu, ingawa radi za milima hii huua hata zilizo nzuri; ngurumo ikisogea, zima swichi kuu.

Mshonaji wa Kadutu, Bukavu

Ninawashukuru sana. Taa yenye mtekenyo nimeitoa kabisa. Mita yangu ni ya 1,000, na kwa taa iliyobaki nzima kijitaa kinamweka kila baada ya sekunde 80, kwa hiyo ni wati 45. Fundi alipoitazama ile ya kwenye plafon, alikuta waya wa ganda jeupe umegeuka kahawia na unavunjika ukikunjwa. Nimeamua kuweka ampuli ndogo juu ya kila cherehani. Swali la mwisho: umeme ukikatika ninataka kutumia betri ya volti 12 na taa mbili za wati 20. Je, kwa kuwa volti ni ndogo, hatari ya moto imekwisha?

Fundi wa Ndosho, Goma

Hatari ya kupigwa na umeme imepungua sana, Mama, lakini ya moto haijakwisha. Taa ya wati 20 kwenye volti 220 huvuta mkondo usiofika hata ampia 0.1, kwenye volti 12 huvuta karibu 1.7, na mbili ni karibu 3.3. Nyaya mbili zikigusana, betri inaweza kumwaga ampia mamia kwa mara moja, na waya mwembamba huwa mwekundu kabla hujafika kuuchomoa. Tumia waya wa shaba wa milimita mraba 2.5, usikubali ule wa alumini uliopakwa shaba juu, ambao ukikwanguliwa kwa kisu huonekana mweupe ndani. Kisha weka fyuzi ya ampia 5 upande wa chanya, karibu kabisa na kichwa cha betri, kabla waya haujagusa ubao wowote.