Batanati kando ya maboga ya kienyeji: je, mbegu zake zitafaa kupandwa?

Mama Bustani, Moshi
Ndugu wakulima, habari za kazi. Nyuma ya nyumba nimepanda batanati, yaani boga lenye umbo la peari, aina ya Waltham Butternut, na jirani yangu, ng'ambo ya uzio, ana maboga ya kienyeji ambayo sote tunachuma msusa wake. Je, nyuki wakichanganya chavua, batanati za msimu huu zitabadilika ladha? Na nitapataje mbegu safi bila kumwomba jirani ang'oe maboga yake?

Mzee wa Shamba
Mavuno ya msimu huu yasikutie shaka, kwa kuwa nyama na ganda la boga hutokana na mmea mama peke yake. Chavua ngeni huathiri kiini cha mbegu, na tofauti huonekana mbegu hizo zikishapandwa na kuzaa. Tazama kikonyo cha boga la jirani. Kikiwa kigumu, chenye pembe tano na kilichotanuka kinapoungana na tunda, hilo ni Cucurbita moschata, spishi moja na batanati, nayo yatachavushana bila kizuizi. Kikiwa kinene, cha mviringo na chepesi kama kizibo, ni Cucurbita maxima, ambayo kwa kawaida haizai na batanati kwa kazi ya nyuki tu.

Mama Bustani
Ahsante, mzee wangu. Vikonyo vyake vina pembe tano.

Binti Mkulima
Basi shikamoo mzee, na wewe dada, itakubidi uchavushe kwa mkono. Jioni tafuta maua yanayoanza kuwa manjano nchani, ambayo yatafunguka alfajiri: jike lina kiboga kidogo chini yake, dume lina kikonyo chembamba tu. Yafunge yote kwa uzi ili nyuki wasiyatangulie. Asubuhi, mapema kabla ya jua kuwa kali, kata dume, ondoa petali zake, fungua jike na ulipake chavua katikati, kisha ulifunge tena na kulitia alama ya utepe. Ni vyema dume litoke kwenye shina jingine la batanati hiyo hiyo. Shina ambalo tayari limebeba matunda hupenda kuangusha machanga, kwa hiyo ondoa yale yaliyochavushwa na nyuki, na shina hilo la mbegu usilichume msusa.

Mzee wa Shamba
Marahaba, umeeleza vizuri. Niongeze kwamba mvua ikinyesha juu ya ua lililo wazi, chavua huharibika, na kazi hiyo ni ya kurudia. Boga la mbegu liachwe shambani hadi ukucha usiingie kwenye ganda, kisha likae ndani wiki tatu au nne kabla ya kupasuliwa, kwani mbegu huendelea kujaa humo. Jambo la mwisho, pakiti ya mbegu ikiandikwa F1, hiyo ni chotara, na hata ukifunga maua kwa uangalifu wote, watoto wake hawatafanana na mama.