Naomba ushauri: likelemba yetu na mambo ya 1992

Jambo ndugu zangu. Niko Lubumbashi, komini ya Katuba. Likelemba yetu ya wamama, kikundi cha kuchangiana feza kwa zamu, ina Wakasai na Wakatanga, na feza haijatuletea matata hata kidogo. Tatizo ni 1992, wakati Wakasai walifukuzwa huku Katanga. Mama mmoja alifukuzwa Likasi na watoto wake, wakalala kwenye gare wakingojea treni ya Kasai. Maneno ya "warudi kwao" yakianza tena, ananyamaza na haji. Wengine wanataka tukataze siasa. Mimi naona tutakuwa tumemfunga mdomo yeye peke yake. Nataka tumpe nafasi asimulie. Lakini mume wa mwenzetu mmoja alikuwa kati ya vijana waliofukuza! Nani asimamie: padri ao mama mzee wetu? Na huyo baba, tumwite?