Kantini ya shule iache chipsi, ibaki na viazi vya mapishi mengine?

Mzazi, Makadara
Kamati ya wazazi ya shule moja hapa kisiwani Mombasa imependekeza kwamba kantini iache kuuza chipsi, na badala yake watoto wauziwe viazi vya kuchemsha, viazi vya nazi na viazi karai. Wanangu wawili wanasoma hapo, nami naliunga mkono pendekezo hilo kwa moyo wote. Gramu 100 za kiazi cha kuchemsha zina kalori zipatazo 87, ilhali chipsi za uzani huohuo hukaribia 300, kwa sababu maji ya kiazi hutoka na mafuta hushika nafasi yake. Mwanangu mdogo hununua chipsi kila siku saa nne, akirudi nyumbani hata wali wa nazi anausukuma pembeni. Na nitasema jambo ambalo huenda likawaudhi baadhi yenu: chipsi ni chakula cha mtu aliyekwisha kukata tamaa na jiko lake.

Muuza chipsi, Bombolulu
Dada, kwa hesabu ya kalori sina ugomvi nawe. Neno lako la mwisho ndilo lililonichoma. Alfajiri mimi huwa nimeshafika soko la Kongowea, nafungua mdomo wa gunia na kutia mkono mpaka chini, maana viazi vizuri hupangwa juu na vilivyoota macho hufichwa ndani. Natafuta viazi vya aina ya Shangi vilivyokomaa, ambavyo ngozi yake haichubuki kwa kidole. Nikishavikata, naviloweka na kubadilisha maji hadi yaache kuwa meupe, kwani wanga ukibaki chipsi hushikana. Kisha navichuja vikauke, navikaanga mara ya kwanza kwa moto wa wastani bila kuvipa rangi, navipumzisha, ndipo navirudisha kwenye mafuta makali. Chipsi yangu ukiivunja, nje inalia na ndani inatoa mvuke kama kiazi cha kuchemsha. Mwenye kudai kwamba hiyo ni kazi ya aliyekata tamaa na aje asimame mbele ya karai langu saa saba mchana, katika joto la Machi.

Bibi, Kibokoni
Mwanangu, hakuna aliyekutukana, ila ukweli usemwe. Nimepika viazi karai barazani kwangu kwa zaidi ya miaka thelathini na nimesomeshea watoto. Kiazi huchemshwa na maganda yake, humenywa kingali na joto, kikakatwa vipande vya kutosha mdomo mmoja. Unga wa ngano hupigwa na maji, chumvi na manjano mpaka uwe mzito wa kuning'inia kwenye kiazi, usiwe mwepesi ukakimbia wala mzito ukageuka mkate. Halafu kuna ukwaju, ambao ndio roho ya sahani yenyewe. Chipsi hazina mchuzi wao. Huazima tomato ya chupa. Viazi karai ni vya Mombasa, na mtoto wa Mombasa asiyevijua amepotezewa kitu chake.

Mwanafunzi wa uuguzi, Kisauni
Naomba turejee kwenye pendekezo lenyewe. Kamati inakataza chipsi kwa sababu ya mafuta, kisha inaruhusu viazi karai, ambavyo navyo huzamishwa kwenye mafuta. Mwaka 2002 wanasayansi wa Sweden walitangaza kwamba vyakula vyenye wanga, vikikaangwa au kuokwa kwa joto linalozidi nyuzi 120, hutengeneza kemikali iitwayo akrilamidi, na kwamba inapatikana kwenye chipsi. Kuchemsha hakuitengenezi. Kwa hiyo, ikiwa hoja ni afya, kamati ibakishe viazi vya kuchemsha na vya nazi peke yake, au ieleze kwa nini mafuta ya karai moja ni halali na ya jingine haramu.

Mzaliwa wa Unguja, mkazi wa Majengo
Shikamoo, Bibi. Kwa heshima zote, siwezi kulinyamazia dai kwamba viazi vya ukwaju ni vya Mombasa peke yake. Sisi Unguja tuna urojo, na ndani yake mbatata huelea pamoja na bajia, kachori na embe mbichi, wala hatujawahi kuja Kibokoni kuomba ruhusa. Hata neno mbatata ni la Wareno, walewale walioanza kujenga Fort Jesus mwaka 1593 na kutuachia meza, leso na gereza. Kiazi chenyewe kilitoka milima ya Andes huko Amerika ya Kusini. Basi tule, tusigawane mipaka.

Bibi, Kibokoni
Marahaba. Urojo ni mchuzi wenye viazi ndani yake. Viazi karai ni viazi vyenye koti. Usinichanganyie vyombo viwili. Sikusema kiazi kiliota Kibokoni. Nilisema mapishi haya yana wenyewe, na wenyewe tuko hai.

Mwalimu, Likoni
Mnabishana kuhusu asili ya mapishi ilhali kuna jambo linaloniumiza zaidi. Mnakumbuka mwaka 2021, KFC ilipoishiwa na chipsi hapa Kenya na ikabainika kwamba viazi vyake huagizwa kutoka nje? Nchi hii ina wakulima Nyandarua, Meru, Nakuru na Elgeyo Marakwet, na kiazi ni zao la pili la chakula baada ya mahindi, lakini meli ilipochelewa wateja waliambiwa chipsi hakuna. Kantini ikiuza chochote, na iwe kwa sharti kwamba viazi vimetoka kwa mkulima wetu.

Mwanafunzi wa uuguzi, Kisauni
Mwalimu, hiyo ilikuwa Januari 2022. Nalo swali langu kuhusu mafuta halijajibiwa na yeyote.

Muuza chipsi, Bombolulu
Mwalimu, hapo umenigusa, kwa maana Shangi tunavyovikaanga sisi wadogo ni vya mkulima huyo. Kanuni za viazi za mwaka 2019 ziliweka gunia lisizidi kilo 50, ila bado utaliona gunia lililoshonewa kilemba cha wavu juu, na mkulima halipwi kwa kile kilemba. Daktari mtarajiwa, nitakujibu mimi. Mafuta yakishaanza kutoa moshi na kunata mimi huyamwaga, na chipsi zangu nazitoa zikiwa za dhahabu, sizisubiri ziwe kahawia. Viazi pia siviweki kwenye friji, maana baridi hugeuza wanga kuwa sukari na chipsi huwa nyeusi kabla hazijaiva. Najua wapo wanaokaangia mafuta yaleyale wiki nzima. Wapigwe marufuku hao, msituchome sote kwa kuni moja.

Mzazi, Makadara
Kaka, neno langu kuhusu jiko nilikuwa najisemea mwenyewe nilipoliandika. Natoka kazini saa kumi na mbili, nasimama kwenye foleni ya feri, na mara tatu kwa wiki nimewapelekea wanangu chipsi za mfuko kwa sababu sikuwa na nguvu ya kukuna nazi. Ndiyo maana nataka angalau shuleni wapate kitu kingine. Juzi nilipika viazi vya nazi: tui la pili kwanza na kitunguu na pilipili nzima, viazi vikishalainika ndipo likaingia tui zito, nikamalizia kwa ndimu. Yule mdogo alikula, kisha akaufuta mchuzi kwa chapati mpaka sahani ikabaki nyeupe.

Mwanafunzi wa uuguzi, Kisauni
Hicho sasa ndicho chakula ambacho ningekitetea mbele ya kamati.

Bibi, Kibokoni
Nami ningekitetea, mwanangu, pamoja na viazi karai siku ya Ijumaa. Siku moja kwa wiki mafuta hayaui mtoto.

Muuza chipsi, Bombolulu
Bibi, nami nina swali langu. Wateja wangu wengine wameanza kuniomba ukwaju wautie juu ya chipsi, nami wangu hutoka mkali na wenye nyuzinyuzi. Unauloweka kwa maji ya moto au ya baridi?

Bibi, Kibokoni
Ya vuguvugu, mwanangu, na usiuguse mpaka uvimbe wenyewe. Halafu ukamue kwa vidole, uuchuje, ndipo uupike kidogo na pilipili na chumvi. Ukiukamua mapema ndiyo unapata hizo nyuzi.