Ndoo za kunawa za kukanyaga: wa kitimwendo anawaje?

Mchomeleaji: Wakuu, tangu Korona ya 2020 ndoo za kukanyaga zimejaa masokoni na maofisini. Sasa kituo cha watoto wenye ulemavu kinataka kadhaa, wajiandae na mlipuko mwingine. Wa kitimwendo atakanyaga nini? Naomba vipimo.

Fundi Marekebisho: Mkuu, pedeli ibaki kwa wanaoiweza, ila weka na koki ya mkono mrefu, kama sm 15, ya kusukuma kwa kiwiko. Ya kuzungusha huwashinda wenye vidole vilivyokakamaa. Kwa mtu mzima, mdomo wa beseni usizidi sm 80 kutoka chini, na magoti yaachiwe sm 70. Maana yake beseni liwe la kina kifupi, sm 10 tu. Kwa watoto shusha, ukipima na viti vyao wenyewe. Wengi hukosea kwenye ndoo ya maji machafu: wanaitega katikati, kiti kinagota kabla mikono haijafika kwenye koki. Yapeleke pembeni kwa bomba. Mbele pawe na zege tambarare, sm 150 kwa 150, kiti kiweze kugeuka.

Mama Usafi: Hapo mmemaliza nusu. Akishanawa anashika pete za kusukumia, zile za pembeni mwa magurudumu, mikono inachafuka palepale. Pete zifutwe kwanza, ndipo anawe. Anza na maji ya sabuni, maana uchafu huua nguvu ya klorini. Kisha jiki: soma lebo, ikiwa ni 3.5% weka ml 30 kwa lita 1 ya maji, upate 0.1%. Iache dakika 10, halafu futa kwa maji matupu, la sivyo chuma kitaota kutu na viganja vitababuka. Changanya mpya kila siku. Usiichanganye kamwe na siki wala dawa ya choo, hutoa gesi ya sumu. Kiti cha umeme, kile kirungu cha kuendeshea kifute kwa kitambaa chenye spiriti ya 70%, usimwagie.

Fimbo Nyeupe: Msiwasahau wasioona. Stendi isihamishwe-hamishwe, na sabuni ikae upande uleule siku zote. Fimbo ifutwe mpini hadi ncha. Halafu jambo watu hawalifikirii: tunaambiwa tukoholee kwenye kiwiko, na asiyeona huongozwa kwa kushika kiwiko hichohicho. Ashike bega.

Mchomeleaji: Shukrani wakuu. Pedeli naihamishia kushoto, isigonge magurudumu.

Fundi Marekebisho: Sawa, ila isichomoze mbele. Wa magongo atajikwaa.