Civic inakula tairi za mbele kwa ndani, halafu nataka kuweka rimu za inchi 18

nati_tano

Habari zenu wakuu. Nina Civic sedani ya 2008, ilitoka na 205/55R16 juu ya rimu za 6.5J ET45 (upana inchi 6.5, ofseti milimita 45). Aliyekuwa nayo kabla yangu aliishusha kwa springi fupi na mimi nimeinunua hivyo hivyo, imekaa vizuri na sitaki kuipandisha. Tatizo ni tairi za mbele, zote mbili zinaliwa upande wa ndani. Ukiangalia ukiwa umesimama nje unaona kashata (michoro ya tairi) zipo kabisa, ukikunja usukani mpaka mwisho ukachungulia kwa ndani ni kipara, na ya kushoto waya zimeanza kuonekana. Za nyuma kashata zipo ila zinalia wuu wuu wuu nikifika 80 hivi, nilidhani beringi fundi kapima kasema beringi nzima.

Sasa kwa vile tairi lazima ninunue nimeona bora nibadilishe na rimu nimalize yote kwa mkupuo. Kuna jamaa anauza rimu 18x8 ET30, PCD (duara la matundu ya nati) 5x114.3 sawa kabisa na yangu, anasema niweke na 225/45R18 zijaze fenda. Mwingine kaniambia tairi pana inagawanya uzito kwa hiyo hata huko kuliwa ndani kutapungua. Je ni kweli? Na upepo niweke ngapi maana ubavuni imeandikwa 51 PSI. Naombeni ushauri kabla sijatoa hela.

bushi_na_amu

Mkuu kwanza hiyo tairi ya kushoto itoe leo, weka spea. Ikishaonyesha waya hiyo sio tairi tena, inaweza kupasuka muda wowote na iko mbele ambako ndiko unakokata kona na kufunga breki.

Pili usinunue rimu yoyote wala tairi mpya yoyote kabla hujajua kinachokula hizo ulizonazo, maana mpya nazo zitaliwa vile vile, na za 18 ni ghali zaidi ya za 16 popote uendapo.

Sasa kuhusu kuliwa ndani, watu wengi wakiona gari imeshushwa wanasema ni kemba (mlalo wa tairi) basi wanaishia hapo. Ni kweli ukishusha, tairi inalala juu kuingia ndani kidogo na bega la ndani linabeba zaidi. Ila kemba peke yake inakula polepole sana, kuna magari yanatembea na kemba digrii 1 na nusu na tairi zinamaliza umri wake vizuri tu. Kinachonyoa tairi haraka hivyo ni too, yaani tairi mbili zikitazamwa kutoka juu kama zinaelekea sambamba, zinakutana au zinaachana kwa mbele. Ukishusha gari tairodi (vyuma vya usukani vinavyoshika magurudumu) nazo zinabadilika pembe na too inahama, asiporekebisha mtu ndio unabaki na tairi mbili za mbele kila moja inataka kwenda njia yake huku gari inazilazimisha ziende moja kwa moja. Chukua mfano too imefunguka kwa mbele milimita 4 jumla, yaani 2 kila upande. Tairi yako ina kipenyo cha milimita 632 hivi, kwa hiyo kila kilomita 1 unayotembea kila tairi inaburutwa kwa ubavu kama mita 3. Zidisha kwa safari zako za mwezi mzima halafu ongeza hiyo kemba inayokandamiza bega la ndani, kipara lazima.

Unaweza kuipima kwa mkono bila mashine. Gari ikiwa imezimwa na tairi imepoa pitisha kiganja juu ya kashata kwa upana, kutoka nje kwenda ndani halafu urudi ndani kuja nje (kwenye hiyo yenye waya usithubutu, itakuchana). Kama njia moja ni laini na njia nyingine inakwaruza kama msumeno basi ni too. Kama ni laini pande zote ila imeliwa mteremko kuelekea ndani basi kemba ndio ina kesi kubwa zaidi.

Na kabla ya alaimenti (kupima na kurekebisha pembe za magurudumu) mwambie fundi ainue gari akague bushi za lowa amu (mpira wa mikono ya chini inayoshika gurudumu), boljointi na tairodi endi. Hapa ndipo watu wanapoteza hela. Bushi ikishachanika alaimenti utakayopewa ni ya gari iliyosimama tu, ukifunga breki amu inasogea nyuma na too inabadilika pale pale barabarani, mashine imekuandikia kijani kila mahali na tairi zinaendelea kuliwa. Nalisema hili kwa uchungu kwa sababu naona kila siku watu wanabadilisha tairi na bushi yenyewe haijaguswa.

kipenyo

Naungana na mkuu hapo juu, alaimenti na bushi kwanza. Mimi niongelee rimu na saizi maana hapo ndipo unapotaka kuuziwa mbuzi kwenye gunia.

PCD kufanana ni mlango tu wa kuingilia, bado kuna mambo kibao nyuma yake. Anza na hizo 18x8 ET30. Kutoka 6.5 kwenda 8 umeongeza inchi 1.5 ambayo ni milimita 38, nusu yake 19 inaenda nje na nusu inaenda ndani. Halafu ofseti (umbali wa sehemu ya kufungia kutoka katikati ya rimu) imeshuka kutoka 45 kwenda 30, hiyo inasukuma rimu nzima nje milimita 15 zaidi. Kwa hiyo ukingo wa nje unatoka milimita 34 kuliko ulivyo leo! Kwenye gari iliyoshushwa. Ukibeba watu wanne ukakutana na tuta, fenda itakula tairi. Na hata isipogusa, katikati ya tairi imesogea mbali na habu kwa zile 15, beringi na bushi zinabeba mzigo kwa mkono mrefu zaidi na usukani utaanza kuvutwa na kila shimo na kila bonde la barabara. Hizo bushi ambazo mwenzangu anakwambia ukague ndio zitakazoumia.

Saizi ya tairi nayo hapana. Hesabu yake rahisi, upana mara asilimia ya ubavu mara mbili, jumlisha rimu kwa milimita (inchi mara 25.4). Yako ya sasa inakuja 632. 225/45R18 inakuja 660, imezidi kwa asilimia 4.4, spidomita ikisema 100 wewe unatembea 104 na zaidi, na tairi imepanda milimita 14 kuelekea kwenye fenda ambayo tayari haina nafasi. Watu wanaojali wanabaki ndani ya asilimia 3 na mimi napenda hata chini ya 1. Kama unang'ang'ania 18 basi ni 225/40R18 inakuja 637.

Ila ukiniuliza mimi, nenda 17x7 ET45 na 225/45R17. Kipenyo 634, karibu sawa kabisa na ya kiwandani. Rimu inasogea milimita 6 tu kila upande, na tairi nayo ina unene wa ziada wa 10 kila upande kwa hiyo pima kwa ndani uone haigusi shokapu. Ubavu unabaki kama milimita 101, ukiingia shimoni kuna kitu cha kunyonya. Kwenye 225/40R18 unabaki na 90, kwenye barabara mbovu unapinda rimu, na rimu iliyopinda haibalansi hata uibandike risasi za balansi za duka zima.

Hilo la tairi pana kugawanya uzito ni kinyume chake kwa tatizo lako. Tairi ikiwa imelala kuingia ndani, kadiri ilivyo pana ndivyo bega la ndani linavyobeba zaidi na la nje linavyoning'inia, na ubavu mfupi haubonyei wa kusawazisha. Utaliwa ndani haraka zaidi.

Vitu vingine viwili vya Honda. Tundu la katikati la habu yako ni milimita 64.1, rimu nyingi za kununua mtaani zina 73.1, inabidi uweke ringi za kujazia zinazobana habu vizuri, bila hivyo rimu inakaa kwenye nati tu na ukifunga vibaya inatetemeka kwenye spidi hata kama balansi ni safi. Na nati za kiwandani za Honda zina kichwa cha mviringo kama gololi wakati rimu nyingi za nje zinataka nati za koni. Ukifunga ya mviringo kwenye tundu la koni inagusa mstari mwembamba tu, leo imekaza kesho imelegea. Nunua nati za koni M12x1.5.

Angalia pia namba ya mzigo, yako ni 91 yaani kilo 615 kwa tairi, usishuke hapo. Kuna 215/45R17 nyingi ni 87, hiyo ni kilo 545. Na nyuma ya rimu tafuta muhuri wa JWL (alama ya kiwango cha rimu cha Japani).

mama_gia

Upepo: hiyo 51 ubavuni ni kikomo cha tairi, sio cha gari yako. Fungua mlango wa dereva kuna kibandiko kwenye nguzo kinasema mbele ngapi nyuma ngapi, hicho ndicho cha kufuata, na upime asubuhi kabla hujatembea maana ikishapata moto inasoma juu. Ukijaza 51 katikati ya tairi itavimba na kuliwa katikati, ukiacha chini sana mabega yote mawili yanaliwa kwa pamoja.

Mlio wa nyuma mdogo wangu hakuna aliyekujibu. Hizo tairi za nyuma zina meno. Pitisha mkono kwa urefu, kufuata mzunguko wa tairi, utasikia kila kipande cha kashata kimeliwa upande mmoja kimebaki juu upande mwingine, au utasikia mabonde mabonde. Civic inavutwa na mbele, nyuma zinafuata tu hazina kazi nzito, zikikaa huko muda mrefu bila kuzungushwa (kubadilishana na za mbele) zinafanya hivyo. Yakiwa mabonde makubwa yanayorudiarudia angalia shokapu, springi fupi juu ya shokapu za kawaida zilizochoka tairi inadundadunda. Dai pia alaimenti ya magurudumu manne, nyuma ya Civic hiyo too inarekebishika na nayo inahama ukishusha.

Baada ya hapo zungusha kila kilomita 8,000 mpaka 10,000. Za mbele zinaenda nyuma moja kwa moja, za nyuma zinakuja mbele kwa kupishana kushoto kulia. Kama ni tairi za mshale (zenye mwelekeo mmoja wa kuzunguka) zinabaki upande wake.

nati_tano

Aisee asanteni sana, nimejifunza mengi. Rimu za 18 nimeziacha. Nimepitisha mkono ile ya kulia, inakwaruza kabisa nikitoka nje kwenda ndani. Fundi kainua gari, bushi za nyuma za lowa amu zote mbili zimechanika unaingiza bisibisi inapita. Mashine inasema too ya mbele imefunguka milimita 5 jumla, kemba digrii 1.7 kushoto na 1.4 kulia zote kuelekea ndani. Mwenye mashine anasema kemba kwenye hii gari hairekebishiki kwa hiyo nikubali tu. Nyuma too iko ndani ya kipimo. Nifanyeje na hizo kemba?

bushi_na_amu

Hiyo milimita 5 ndiyo iliyokula tairi zako mkuu. Kwa kiwandani ni kweli mbele hakuna sehemu ya kurekebisha kemba, ila kuna bolti za kemba zenye kichwa kisicho sawa, unaondoa bolti moja kati ya zile mbili zinazoshika shokapu na nako (kipande kinachobeba habu) unaweka hiyo. Zinakurudishia kama digrii 1. Lenga zote mbili zifanane kwenye 1 hivi, tofauti ya kushoto na kulia nayo inavuta gari upande.

Mpangilio uwe hivi: bushi, halafu bolti za kemba, halafu too mwisho kabisa, kwa sababu ukigusa kemba too inahama. Na bushi fundi asizikaze za mwisho gari ikiwa juu ya jeki miguu inaning'inia, ashushe chini ibebe uzito wake ndio akaze, vinginevyo bushi inakaa imejisokota muda wote na itachanika mapema. Too ya mbele ifungwe karibu na sifuri, usukani ukiwa umenyooka.

kipenyo

Na siku ya kufunga rimu mwambie asitumie mashine ya upepo kumalizia, akaze kwa spana ya kipimo kwa mtindo wa nyota, hiyo Civic ni Nm 108. Ukitembea kilomita 50 mpaka 100 rudia kukaza. Tairi ukizipokea soma tarakimu nne za mwisho za DOT (namba ya kiwandani ubavuni), mbili za kwanza ni wiki na mbili za mwisho ni mwaka, usikubali kuuziwa kama mpya kitu kilichokaa stoo miaka sita.