Machozi ya Delphine LaLaurie: mnayatetea kwa lipi?

Wadau, naleta hoja mezani kwa wote waliotazama American Horror Story: Coven, msimu wa tatu ulioonyeshwa na FX huko Marekani kuanzia Oktoba 2013 hadi Januari 2014. Kila watu wakitaja matukio wanayoyapenda, sehemu ya 9 haikosi, na humo ndani wengi wanachagua tukio lile lile: kichwa cha Delphine LaLaurie, mmiliki katili wa watumwa, kikilia mbele ya televisheni. Wanasema hapo ndipo tamthilia ilipopata moyo. Mimi nasema hapo ndipo ilipowasaliti watu iliyokuwa inawasimulia. Nitafichua mengi, kwa hiyo ambaye hajatazama aishie hapa.

Kwa wenye kumbukumbu hafifu: Delphine anazikwa hai karne ya 19 baada ya Marie Laveau, malkia wa vuduu wa New Orleans, kumnywesha dawa inayomnyima kifo. Anafukuliwa zama zetu, baadaye anakatwa kichwa, na kichwa kinaendelea kusema. Marie, ambaye naye hafi, anamwagiza Queenie, mchawi kijana mweusi, akichome moto. Queenie hakichomi. Anakiweka mbele ya televisheni na kukilazimisha kutazama Roots, ile tamthilia ya mwaka 1977 kuhusu utumwa.

Queenie ndiye mhusika ninayempenda kuliko wote. Akijiumiza, maumivu yanampata mtu mwingine. Kumbukeni ile meza ya chakula sehemu ya 1: anajichoma uma mkononi mwake mwenyewe, uso mkavu kabisa, na anayepiga yowe ni Madison, mchawi mwenzake. Kwangu hilo ndilo tukio bora la msimu mzima. Sekunde chache tu, lakini msichana mweusi anayedharauliwa mezani anamwambia mwenzake: haya niliyonayo, chukua nawe uyaone yalivyo.

Sasa rudini kwenye kile kichwa. Kwanza Delphine anakaidi, anaimba ili asisikie. Kisha Queenie anamwekea picha halisi za harakati za haki za watu weusi Marekani, na wimbo wa uhuru unaimbwa juu yake. Wakati huo huo Hank, mwindaji wa wachawi, anaingia kwenye saluni ya Marie na bunduki na kuwamiminia risasi wanawake waliokuwemo. Picha zinapishana: maandamano, saluni, uso wa Delphine. Queenie, akiwa ameshajeruhiwa, anaelekeza bunduki kinywani mwake na kufyatua, na anayeanguka ni Hank. Na kichwa kinatokwa na machozi.

Kathy Bates, anayemwigiza Delphine, pale hana mkono wa kufunika uso wala bega la kutetemesha. Ana macho na midomo tu, na bado anakushika. Tuzo ya Emmy aliyopata mwaka 2014 aliistahili, sina ubishi. Ugomvi wangu ni na walioamua macho yetu yaishie wapi. Mkiniuliza leo nitaje jina la mwanamke mmoja aliyeuawa katika saluni ile, siwezi. Machozi ya Delphine nayakumbuka tone kwa tone. Tukio linalodai kuwahusu waliouawa limeniachia sura ya mtesaji.

Najua jibu la kwanza: hii ni hadithi ya kubuni, tulia. Ubuni haunisumbui. Tamthilia inasema wachawi wa Salem, mji wa Massachusetts, walikimbilia New Orleans kuyakwepa mateso ya mwaka 1692, ilhali mji wenyewe ulianzishwa 1718. Inachoma wachawi moto, wakati Salem watu 19 walinyongwa na Giles Corey akakandamizwa kwa mawe hadi kufa, hakuna aliyechomwa. Yote hayo nimeyapita bila kinyongo.

Delphine ni suala jingine, kwa sababu aliishi kweli. Tarehe 10 Aprili 1834 moto ulizuka jikoni kwake, Royal Street. Masimulizi ya wakati ule yanasema mpishi wake mtumwa alikutwa amefungwa mnyororo kwenye jiko, na kwamba mpishi huyo ndiye aliyeuwasha moto kwa hofu ya adhabu. Walioingia kuokoa watu wakakuta watumwa wenye njaa na majeraha ya kutisha. Umati ukaivamia nyumba na kuivunja vunja, lakini Delphine akatoroka, akaishia Paris, na hakuwahi kusimama mahakamani kwa yale. Yaani aliyefichua siri ya nyumba ile alikuwa mwanamke mwenye mnyororo mguuni. Kwenye tamthilia nafasi yake imechukuliwa na kisasi cha Marie kwa ajili ya mpenzi wake aliyeteswa na Delphine. Mpishi yule angeweza kubeba sehemu nzima ya kutisha, bila hata tone la uchawi. Badala yake tukapewa majuto ya mwanamke aliyemmiliki.

Hoja nzito ya wanaolitetea tukio hili, na nimeitafakari sana, ni kwamba sehemu ya 12 inayafuta machozi yale. Queenie anampa Delphine nafasi ya kutubu, na Delphine anakataa kata kata. Kwa hiyo, wanasema, tulitegwa makusudi tumhurumie ili tujione tulivyo wepesi. Ningeikubali hoja hiyo kama sehemu ile ile isingemtupa Marie Laveau motoni pamoja naye, chumba kimoja, akilazimishwa kumtesa binti wa Delphine milele. Sawa, Marie naye ana damu ya watoto mikononi, kwa mapatano yake na Papa Legba, roho wa vuduu aliyemfanya asife. Lakini kuwafunga wawili hao pamoja ni kusema deni lao ni moja, na hesabu hiyo siikubali.

Basi wanaolipenda tukio la kichwa, njooni na hoja. Lakini mnijibu hili kwanza: kama kamera ingebaki kwa Queenie pale sakafuni, na kichwa tukakisikia tu kikilia kwa mbali, tukio lingepungukiwa na nini?