Naomba ushauri: hita ya maji moto kwenye ven ya kuosha madirisha, Mombasa

Mvukaji wa Likoni

Salaam aleikum, na wazee mlioko humu shikamooni. Naomba mnisome hadi mwisho, pesa yenyewe ni ya kudunduliza na sitaki kuikosea.

Naosha vioo, huu mwaka wa tatu. Nilianza na ndoo, sabuni na ngazi ya kuazima. Sasa nina Hiace ya dizeli. Ndani nimefunga tangi la lita 500, mashine ya kuchuja maji kwa utando, chupa mbili za resini (chembe zinazonasa madini yaliyobaki kwenye maji), pampu ya volti 12 na mti mrefu wa brashi unaopitisha maji, unafika ghorofa ya nne. Maji yakitoka kwenye resini kipimo cha madini kinasoma 0 au 1, kwa hiyo kioo nakiacha kikauke chenyewe bila kukigusa na kitambaa.

Wiki jana nimeitwa kazi mbili. Ya kwanza ni fleti za Nyali zinazotazama bahari, madirisha meupe kwa chumvi. Ya pili ni mkahawa mjini: vioo vya jikoni vina mafuta yaliyogandamana, na vya mbele vimejaa mavi ya kunguru. Msimamizi wa fleti ameona video za waoshaji wa Uingereza, maji yanafuka mvuke, akaniuliza, "Wewe una maji moto?" Nikamwambia mwisho wa mwezi nitakuwa nayo. Neno langu limeshatoka.

Nimewaza mambo matatu. Hita ya gesi ya kutundika ukutani, zile za bafuni, na mtungi wa kilo 6 ndani ya ven. Au instanti shawa, ile hita ya stima ya bafuni, kwa inverta na betri. Au nichovye hita kwenye tangi lote usiku kucha nyumbani. Bajeti ni shilingi 70,000. Mjue pia kwamba kila asubuhi navuka feri na gari likiwa na maji. Mlio na uzoefu nisaidieni.

Stima Kisauni

Aleikum salaam. Nianze na instanti, maana stima ndiyo kazi yangu. Ile kitu inakula wati 5,500. Kwa stima ya nyumbani hizo ni ampea kama 23, na hapo tayari inataka waya mnene na swichi yake peke yake. Ukiitoa kwa betri ya volti 12 ni zaidi ya ampea 450. Betri ya gari ya ampea-saa 100 imebeba uniti moja na ushei tu. Hata ukiikamua yote, na ukiikamua hivyo umeiua, hupati robo saa. Hilo lifute kabisa.

La kuchemsha tangi lote: maji yetu ya bomba yako kama nyuzi 28. Kuyapandisha lita 500 hadi 60 ni uniti 18 na nusu hivi, kila siku ya kazi. Hita ya kilowati 3 itachukua zaidi ya saa sita. Hesabu tokeni zako mwenyewe.

Dada wa Vioo

Kaka, kabla ya hita, niulize: nani kakwambia chumvi inataka moto?

Mimi nimeosha majumba ya Nyali na Shanzu tangu nikiwa kibarua, na chumvi inayoletwa na upepo wa kusi nimeifuta kwenye vioo miaka mingi. Chumvi haina haja ya moto. Lita moja ya maji ya kawaida inameza kama gramu 360 za chumvi. Yapashe hadi nyuzi 60, inameza kama 370. Tofauti hiyo haionekani, na dirisha zima halina chumvi hata ya kijiko kimoja. Chumvi inataka maji safi, mengi, na subira kidogo. Anza na fremu ya juu, lowesha kioo, nenda dirisha la pili, urudi. Watu wengi wanaruka fremu. Chumvi imejificha kwenye pembe za alumini, na ukimaliza kioo inateremka na matone, kesho unaitwa urudie kazi bure.

Wale wa Uingereza uliowaona wana sababu yao. Maji yao wakati wa baridi yanakaribia kuganda, mipira ya maji inakakamaa, mikono inakufa ganzi. Sisi tunaanzia pale ambapo wao wanalipia dizeli kufika.

Jambo jingine ni saa ya kazi. Vioo vya upande wa bahari vinatazama mashariki. Ukifika saa tatu asubuhi kioo ni kama kikaango, maji yanakauka kabla hujasuuza na madoa yanabaki. Upande huo ufanye baada ya adhuhuri, kivuli kikishaingia. Asubuhi shika upande wa barabarani.

Lakini mafuta ya jikoni, hapo nakubali, moto unasaidia sana. Na mavi ya kunguru yaliyokauka pia. Yaloweshe kwa maji ya vuguvugu dakika tano, usiyasugue makavu, ndani mna chembe za mchanga na zinachora kioo.

Mvukaji wa Likoni

Dada shukran sana, hilo la mashariki limenifungua macho, kumbe ndiyo maana madoa yananirudia. Hata hivyo mkahawa umebaki, na msimamizi nimeshamuahidi. Basi niweke ile ya gesi ndogo kwa ajili ya mkahawa tu? Dukani wameniambia inatoa lita 10 kwa dakika.

Bomba la Pwani

Kaka, hiyo gesi nakusihi usiifunge ndani ya gari. Nafunga hita za gesi majumbani na nitakueleza kwa nini.

Hita ya bafuni imetengenezwa kwa ukuta usiosogea na kwa hewa tele. Ikiwaka inakula hewa ya humo ndani na kutoa moshi wake, na hewa ikipungua inaanza kutoa kaboni monoksidi, gesi ya sumu. Haina harufu wala rangi. Mtu anahisi kichwa kizito, anakaa chini apumzike, hainuki. Ndani ya ven iliyojaa tangi na mipira hewa ni kidogo mno. Gesi ya mtungi nayo ni nzito kuliko hewa. Ikivuja haipandi itoke dirishani, inashuka sakafuni na kutulia palepale ulipoweka betri na pampu. Cheche moja ya swichi yatosha. Sasa fikiria gari hilo liko katikati ya feri, magari yamebanana, na watu mamia wamesimama pembeni yako. Wale watu hawakukubali hatari hiyo.

Tuseme hata hatari haipo, haitakufaa. Mti wako wa brashi unatoa lita 2 hivi kwa dakika. Hita nyingi za namna hiyo haziwaki mpaka maji yapite kwa kasi ya lita 2 na nusu au 3. Itakuwa inawaka na kuzimika, dakika hii baridi, dakika hii yanaunguza.

Jambo la pili, na hapa wengi wanapoteza pesa: mahali pa kuweka hita. Iwe baada ya kuchuja, kamwe isiwe kabla. Utando wa kuchuja mwisho wake ni nyuzi 45, na resini nayo inaharibika kwa moto. Halafu maji yetu ya visima yamepita kwenye mawe ya matumbawe, yamejaa chokaa. Birika la mtu wa Bamburi lilivyo na ukoko mweupe ndani unalijua. Ukiyachemsha yakiwa hivyo, ukoko ule utakaa kwenye hita yako. Ukiyachemsha yakishachujwa hakuna ukoko hata chembe.

Ila maji yaliyochujwa hadi 0 yana njaa. Yanalamba chuma na shaba. Tangi la moto liwe la stenlesi, viungo stenlesi au plastiki ya maji moto. Mpira wa bustani usiutumie, ukipata moto unalegea na kuchomoka kwenye kiungo.

Mwoshaji wa Mtwapa

Naheshimu mafundi, lakini mimi nina gesi kwenye pikapu mwaka mzima na sijapata neno. Hita nimeitundika nyuma, mtungi uko nje.

Bomba la Pwani

Pikapu iko wazi, ven ni sanduku. Hapo tofauti ni kubwa na sikuoni mjinga. Hata hivyo upepo wa baharini unarudisha moshi ndani ya hita na moto unakuwa wa manjano. Ukiona manjano zima, usimalizie dirisha. Na kabla ya kila safari paka povu la sabuni kwenye viungo vya mtungi, mapovu yakikua pana uvujaji.

Mzee wa Gati

Mwanangu, marahaba. Nimefanya kazi chumba cha injini melini miaka mingi. Kule maji ya kupoza injini ndiyo yaliyotutengenezea maji ya kunywa kutoka kwa maji ya bahari. Moto wa injini haukutupwa. Gari lako nalo linatupa moto mchana kutwa kupitia rejeta.

Kuna kisanduku cha sahani nyembamba za stenlesi zilizopangwa kama kurasa za msahafu. Nafasi moja yapita maji ya rejeta, nafasi ya pili maji yako, wala hayagusani. Unakiunga kwenye mipira inayokwenda kwenye hita ya kabini. Injini ikishashika joto, maji ya rejeta yako nyuzi 80 hadi 90, nayo yatapasha tangi dogo ukiwa njiani. Lakini sikiliza, weka koki mbili za kukata njia, ili siku kikivuja uzifunge na gari liendelee. Na kipimo chako cha maji kiweke baada ya tangi la moto. Sahani ikitoboka, maji ya rejeta yakiingia kwako, namba itaruka na utajua kabla ya kioo cha mteja.

Kazi hiyo usimpe fundi wa kubahatisha. Mfumo wa kupoza ukikosewa, injini ndiyo italipa.

Stima Kisauni

Mzee amesema vizuri, ila kwa safari yake ya Likoni hadi mjini, na foleni ya feri injini imezimwa, moto hautatosha peke yake. Mimi naona hivi. Tangi la pili dogo, lita 80, stenlesi, lililofungwa godoro la kuzuia joto lisitoke, na hita ya kilowati 3 ndani yake. Kutoka 28 hadi 60 ni uniti 3, saa moja tu, unaichomeka baada ya alfajiri kabla hujatoka. Ukichanganya na ya tangi kubwa upate nyuzi 50, una lita kama 115, karibu saa nzima ya brashi moja. Mkahawa unataka nini zaidi?

Termostati iwepo, valvu ya kutoa presha iwepo na bomba lake litokee chini ya gari, earth iwe ya kweli na soketi iwe na swichi ya kukata stima ikivuja. Hita isiwashwe tangi likiwa tupu. Ukianza safari waya umeshachomolewa.

Dada wa Vioo

Na uweke valvu ya kuchanganya maji moto na baridi, siyo kukisia kwa mkono. Maji ya nyuzi 60 yanaunguza ngozi kwa sekunde chache, na mipira yetu inapita mahali watoto wanacheza. Vioo vya zamani vya Mji wa Kale usivimwagie moto ghafla, vinapasuka. Anza vuguvugu.

Halafu maji yasilale. Kuna bakteria wa Legionella, wanapenda maji ya nyuzi 20 hadi 45, na kwetu tangi lolote liko hapo mwaka mzima. Sisi tunayarusha kama ukungu na kuyavuta puani. Usipofanya kazi siku kadhaa, mwaga, osha tangi, lifunike mwanga usiingie.

Mwoshaji wa Mtwapa

Na lita 500 ni kilo 500, yafunge kwa mikanda ya chuma hadi kwenye chesisi, siyo kwenye bati la sakafu. Pale kwenye mteremko wa feri tangi nusu linasukuma gari kama mtu. Bima yako pia waambie umebadilisha gari.

Mvukaji wa Likoni

Wakuu, wiki tatu zimepita, nawaletea jibu kwa sababu mlinipa wakati wenu.

Gesi nimeacha. Nimefunga tangi la lita 80 kama alivyosema Stima, fundi wa jua kali Changamwe amelichomelea mikono minne na limekaa kwenye chesisi. Jumla shilingi 58,000 na valvu zote. Ya injini nitafanya nikipata fundi wa kuaminika, Mzee nakushukuru.

Fleti za Nyali nilimwambia msimamizi ukweli, kwamba chumvi haihitaji moto. Hakuniamini. Nikamwosha madirisha mawili yaliyopakana, moja baridi na moja nyuzi 50, saa tisa alasiri, fremu kwanza. Kesho yake akaja kutazama jua likiyapiga, akashindwa kusema lipi ni lipi. Kazi amenipa ya kila mwezi, kwa maji baridi. Mkahawani moto umefanya kazi yake. Mafuta yalikuwa yananichukua asubuhi nzima, sasa chini ya saa moja na sabuni kidogo sana.

Mzee wa Gati

Hongera mwanangu. Kipimo baada ya tangi la moto kinasoma ngapi?

Mvukaji wa Likoni

Siku ya kwanza kilisoma 9, nikamwaga yote. Ya pili 7. Nikakagua nikakuta kiungo kimoja cha shaba fundi amekiweka karibu na pampu bila kuniambia. Nimekitoa, nimeweka cha stenlesi. Leo asubuhi kimesoma 1.